Nyumba za Watu, Mbwa wa Watu

Glen Rose, Texas
14 Oktoba 2018

Kwa wifi yangu Mwanaidi,

Shikamoo wifi. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, goti limepoa na sukari imetulia. Sisi hatujambo. Aziza alipiga simu kutoka Dodoma, anakusalimia shangazi yake. Amefaulu mitihani yote isipokuwa mmoja, na huo mmoja anasema ni kosa la mwalimu. Hapo ndipo ninapoiona damu yenu.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Sababu ni mdogo wako Twalibu. Tangu tuanze kazi hii tuko pamoja kutwa, gari moja, nyumba moja, na ukipiga simu anaiweka spika ili naye achangie. Nina mambo ya kukuambia wewe peke yako. Ukinijibu, tuma kwa Clara, jirani yetu wa zamani pale Lewisville, yule Mchaga mwenye kucheka sana. Anatutunzia barua na tunazipitia tukiwa njiani. Zitachelewa, lakini hazitasomwa na mtu.

Safari hii tuko shamba, kwa watu wenye ng'ombe wachache wa kujifurahisha. Wenyewe wako Italia. Tumeachiwa nyumba, mbwa wawili, paka asiyetaka kuguswa, na maelekezo yamebandikwa kwenye friji kurasa kadhaa. Mbwa mkubwa anaitwa Duke. Anameza dawa ya moyo iliyofichwa ndani ya kipande cha jibini, na wenyewe wameandika kwamba akiitema nimwimbie. Basi nikaanza kasida, nikaona hii sasa ni dhambi, nikamalizia na wimbo wa harusi. Dawa aliimeza.

Mdogo wako ana raha zake. Ofisi ilipompunguza mwaka jana na tukaiachia ile fleti ya Lewisville, alisema tutalala kwenye nyumba za watu miezi michache tu, karo ya Aziza isikwame. Sasa mwaka umepita na zaidi. Asubuhi anatembea porini na mbwa wa watu, fimbo mkononi, utadhani ng'ombe wote wale ni wake. Nikinung'unika ananiambia: "Mama Aziza, nani mwingine analala ranchi bure? Si tuna-enjoy maisha?"

Mimi nimechoka, wifi. Nina nguo za mbwa na nguo za swala, na hizo za swala ziko kwenye boksi la plastiki ndani ya gari pamoja na mkeka. Mbwa akinilamba naosha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa madrasa. Udongo wenyewe natembea nao kwenye kopo la maziwa, maana nyumba nyingine zina nyasi za plastiki. Nikishazoea swichi za taa ziko wapi, tunafunga mabegi.

Wewe ndiye uliyemlea Twalibu. Mimi nikisema ananicheka, wewe ukisema anasimama wima. Mwambie inatosha. Mwambie tukodi chumba, hata kimoja, popote. Hilo tu ndilo ninaloomba.

Nisalimie rafiki yako Epiphanie na wote wa Gulfton, mtaani kwenu huko Houston.

Wifi yako,
Kidawa


Houston
9 Desemba 2018

Wifi Kidawa,

Marahaba. Barua yako imefika kwa Epiphanie na ameniletea. Endelea kutumia anwani yake hiyo hiyo. Kisanduku changu cha barua kiliharibika kwenye mafuriko ya mwaka jana na mwenye majengo hana habari.

Nimecheka mpaka yule bibi ninayemtunza, Bi. Dorothy, akaniuliza kuna nini. Nikamwambia mke wa mdogo wangu anaimbia mbwa nyimbo za harusi. Akasema mbwa huyo ana bahati. Nami nikakumbuka siku ya harusi yako pale Kondoa, ulivyonuna kwa sababu waimbaji walikuwa wa upande wetu. Kumbe ulikuwa unajifunza.

Goti linanisumbua kukiwa na baridi, ila baridi ya hapa si ya kusimulia mtu. Nyumbani wamepaua upya ile nyumba ya marehemu baba, wamenitumia picha. Bati ni la bluu. Sikuulizwa. Bi. Dorothy siku hizi anasahau, ananiita kwa jina la dada yake, nami naitika. Epiphanie amepandishwa cheo kule hotelini, sasa anasimamia wenzake wanaotandika vitanda, na kanisani kwao wamempa kwaya. Mtu wa kazi huyo, hajui kukaa.

Kuhusu lile jambo la mdogo wangu, nimelisoma. Nitalifikiria.

Hakikisha anavaa sweta, kifua chake nakijua tangu yuko mgongoni kwangu. Na wewe usilale na njaa kwa kuogopa vyombo vya watu vilivyolambwa na mbwa. Nunua sufuria yako.

Akusalimiaye,
Mwanaidi


Decatur
17 Februari 2019

Wifi Mwanaidi,

Shikamoo. Sufuria nimenunua, na sahani mbili na kikombe, vyote viko kwenye buti. Twalibu anavaa sweta. Aziza hajambo, amerudia ule mtihani na safari hii mwalimu hakukosea.

Huku ni upepo mtupu. Tunamtunza mbwa mmoja mzee asiyesikia na nyumba yenye vyumba vitano, na tumeambiwa tutumie kile kidogo nyuma ya chumba cha kufulia. Mashuka yananukia sabuni ya watu wengine. Wifi, unajua nini kinanichosha kuliko mbwa? Kila nikiamka inanibidi nikumbuke kwanza niko kwa nani. Kisha naamka taratibu, natembea taratibu, nafungua kabati la watu taratibu, kama mkwe aliyefika jana. Umri wangu huu!

Umeniandikia mambo ya bati na kwaya, ukasema utalifikiria. Umelifikiria? Namuuliza Twalibu kama dada yake kamwambia neno, ananiambia mlizungumza habari za mpira. Wewe na mpira wapi na wapi?

Juzi Clara alitaka kuja na watoto waone ng'ombe wa jirani. Ilibidi nimkatalie, kwa sababu mkataba hauruhusu mgeni kuvuka mlango. Clara! Mtu aliyenipikia uji nilipolazwa. Nilimletea chai getini, tukanywa tumesimama, watoto wamebaki garini. Tangu tulipotoka Lewisville sijamwambia mtu karibu ndani. Neno nililokua nalo, nililolisema kila siku ya maisha yangu bila hata kulifikiria, sasa sina mlango wa kulisemea.

Na ngoja niseme na hili, usinichukie. Barua yako nimeisoma tena na tena, na maneno yako ya simu nimeyakumbuka. Hujawahi hata mara moja kutuambia tuje Houston. Hata watu wakikasirika husema karibu, japo kwa mdomo tu. Kama ni kwa ajili ya mbwa, kwamba tumekuwa najisi, niambie nijue.

Mimi,
Kidawa


Houston
26 Mei 2019

Wifi Kidawa,

Ramadhani karimu. Nimekaa na barua yako muda mrefu. Mara ya kwanza nilitaka kukujibu kwa hasira, mara ya pili nikashindwa kuandika, na sasa tuko kwenye mfungo, ulimi umefungwa pamoja na tumbo.

Si mbwa. Mtume hakutufundisha kuwadhalilisha wanyama, na kazi unayoifanya ni ya halali. Usiniwekee maneno mdomoni ambayo sikuyasema.

Kwa Twalibu siwezi kusema inatosha. Nimejaribu. Nashika simu, namsikia anavyocheka na hao mbwa, nazungumza habari za mpira. Usinilazimishe nikupe sababu. Mimi ni mkubwa wenu, yapo mambo mkubwa anayabeba mwenyewe.

Nimemwagiza Epiphanie doti la kanga, atakutumia kwa Clara. Ni kwa Idi. Lifungue ulivae, usilifungie kwenye boksi.

Bi. Dorothy alianguka bafuni, lakini hakuvunjika. Watoto wake walikuja, wakasimama mlangoni na makoti yao, wakaniambia mimi ni familia. Wakaondoka kuwahi ndege.

Dada yenu,
Mwanaidi


Corsicana
22 Septemba 2019

Wifi,

Shikamoo. Ahsante kwa kanga, nimeivaa Idi mbele ya mbwa watatu na mdogo wako. Aliyepiga makofi ni mdogo wako tu. Ulivyosema usilazimishwe nimekuelewa, na nilikuwa nimeamua kunyamaza. Lakini limetokea jambo, na naogopa litakufikia kwa spika kabla sijakuambia mwenyewe.

Tulikuwa kwenye nyumba ya watu walioenda Colorado. Twalibu alikuwa nyuma anarekebisha waya wa uzio. Akaja mtu wa kuleta vifurushi, kabeba gunia la chakula cha mbwa begani, akaliweka barazani. Alipogeuka simu yake ikaita, akapokea kwa Kiswahili. Wifi, mguu wangu ulitoka nje kabla sijaamua. Nikamwita, "We kaka!"

Akageuka kama aliyeitwa na marehemu. "Mama, njo unasema Kiswahili? Mi nilifikiri huku ni wazungu tupu." Anaitwa Vital, Mrundi, anaishi Mesquite. Nikamuuliza habari za nyumbani kama unavyomuuliza mtu yeyote. Akasema, "Nyumbani si muzuri, mama. Mama yangu amekufa tangu juzi, na miye niko natembeza makarto ya watu."

Sasa niambie wewe. Mtu amefiwa na mama yake, umpe pole barazani huku umeshika mlango? Nilimwambia, "Pita ndani, baba." Mbwa akawa anabweka na kumrukia, nikamfungia bafuni. Nilimpa maji, nikampa wali na maharage, akala. Alipomaliza akainamisha kichwa kwenye meza ya watu akalia. Nilikaa naye mpaka akatulia. Kisha akafuta meza na mkono wa shati lake, akaenda zake kugawa vifurushi.

Kumbe wenyewe wanaona kila kitu kwenye simu huko Colorado. Mlangoni pana kijicho cha kamera, na kingine kiko juu ya rafu ya vitabu. Wameona mtu wasiyemjua anaingia, amekaa, na mbwa wao analia bafuni. Walipiga simu. Wifi, walikuwa wameogopa kweli. Mimi ningewaeleza nini? Niliwaambia amefiwa. Wakasema pole kwake, lakini tuondoke kesho yake. Na kule kwenye mtandao tunakopatia kazi wametuandika vibaya, sasa walioahidi kutuchukua Novemba wamefuta.

Twalibu alipaza sauti, jambo ambalo hajawahi. "Mama Aziza, hukusoma rules? Ile nyumba si yetu!" Nikamjibu, "Nimesoma. Na wewe umesahau kama mtu akifiwa anafanywaje." Tangu hapo hatusemeshani ila kwa mambo ya mbwa. Ananiuliza nimewapa maji, namwambia nimewapa.

Sijutii. Hilo ndilo linalomkasirisha zaidi.

Kidawa


Houston
10 Novemba 2019

Wifi yangu Kidawa,

Marahaba, na marahaba tena. Ningekuwa mimi ningempikia na chai ya tangawizi. Epiphanie nilimsomea kipande hicho, akafunga mikono akasema mama wa huyo kijana amezikwa mara mbili, mara ya pili kwa heshima.

Mwambie mdogo wangu, maneno yangu haya haya: aliyefiwa hapewi pole kwenye ngazi. Mama yetu alipokufa, nyumba yetu ilikaa wazi mpaka mbuzi wakaingia, na yeye alikuwa mdogo, alikula kwa kila jirani wa Kondoa bila kuulizwa ni mtoto wa nani. Asikununie. Akikununia tena nitampigia na sitazungumza habari za mpira.

Bi. Dorothy sasa hatoki kitandani. Epiphanie alikuja Jumapili kunijulia hali, tukaongea yeye akiwa getini na mimi nikiwa ndani ya geti, akanipitishia barua yako kwenye vyuma. Ni afadhali nikitaka kumwona niende mimi kwake.

Nakuombea kazi ipatikane. Ninakuombea na jingine ambalo sitaliandika.

Mwanaidi


Weatherford
29 Machi 2020

Wifi Mwanaidi,

Shikamoo. Tunaomba uko salama na huu ugonjwa. Aziza wamefungiwa chuo, amerudi Kondoa kwa babu yake, baba yangu. Sisi hatujaugua.

Wenye nyumba wote wamerudi makwao, wifi. Hakuna anayesafiri, kwa hiyo hakuna anayehitaji mtu wa kumlalia nyumba. Wa Aprili wamefuta, wa Mei wamefuta, hata wale wa Glen Rose wanaotupenda. Walituandikia vizuri, wakasema kaeni nyumbani mjilinde. Twalibu alinisomea hiyo, akazima simu.

Tumeegesha gari nyuma ya duka moja la vifaa vya shamba, mwenye duka ametukubalia. Tunaoga kwenye kituo cha malori. Clara alitaka kutuchukua, lakini mumewe Elimringi ni nesi, wodi yake imejaa, na analala gereji asiwaambukize watoto. Nyumba yenye hofu hiyo siwezi kuiongezea watu. Twalibu mgongo umemshika kwa kulala kwenye kiti. Hasemi tena habari za ku-enjoy. Jana alinishika mkono akaniambia, "Nisamehe, Kidawa," kwa jina langu, si Mama Aziza, nikajua sasa tumefika.

Nilijiapia sitakuuliza tena kwa nini hutuiti. Habari ya wewe kuzungumza na Epiphanie getini niliisoma, sikuielewa, nikaacha. Sasa naomba waziwazi, na ukikataa nitakubali. Tupokee. Tutalala sakafuni. Nitapika, nitamsaidia na huyo bibi yako. Tupokee mpaka dunia itulie.

Nimemwambia Twalibu kwamba nakuandikia. Hakukataa. Aligeuka dirishani.

Kidawa


Houston
19 Aprili 2020

Wifi yangu, na wewe Twalibu, maana hii msome wote wawili,

Barua yenu ilikaa kwa Epiphanie kwa sababu haturuhusiwi kutoka. Aliitundika getini ndani ya mfuko, nikaipulizia dawa mpaka wino ukaanza kuvuja, nikaisoma nimesimama.

Sina nyumba. Nimeandika, sasa imetoka.

Maji ya mwaka 2017 yaliingia kwangu mpaka kiunoni. Mwenye majengo alifunga ghorofa yote ya chini na hakuifungua tena. Nililala kwa Epiphanie, kwenye sebule, katikati ya watoto wake, na watoto wa Bi. Dorothy waliposema wanataka mtu wa kulala na mama yao, nikakubali siku hiyo hiyo. Nina kachumba nyuma ya jiko. Kitanda chao, shuka lao, taa yao. Na sharti lao ni kwamba mgeni haingii. Tangu siku hiyo hajakaa mgeni kwangu.

Kidawa, ulipolalamika kwamba kila ukiamka unakumbuka kwanza uko kwa nani, nililia. Sikudhani mtu mwingine anaijua hali hiyo. Wewe unachunga mbwa wa watu, mimi namchunga mtu wa watu, na mtu huyo nampenda, lakini nyumba ni yake. Ningewaambia karibuni wapi? Na kusema sina pa kuwakaribisha kulinishinda zaidi. Mimi ndiye dada. Nimembeba Twalibu mgongoni nikiwa binti mdogo, na kule Kondoa wanadhani nina nyumba ya ghorofa. Ningemwambia aache kulala kwa watu kwa mdomo gani, wakati mimi mwenyewe nalala kwa watu? Niliona haya, wifi. Ni haya tu, hakuna kingine.

Basi sikilizeni. Kaka yake Epiphanie, Ézéchiel, ni fundi wa majengo fulani Mesquite. Kuna chumba kimoja na jiko, kimekaa kitupu tangu aliyekuwamo arudi kwao. Nimeshazungumza naye. Maghala ya pale yanatafuta watu kwa sababu dunia nzima inaagiza vitu.

Twalibu, mimi dada yako. Toka kwenye hilo gari. Ulifanya ulivyoweza, hukumwibia mtu, na mbwa wa watu umewatunza kuliko wanavyotunzwa watu. Sasa inatosha. Kamwekee mke wako mlango.

Mimi msinifikirie. Bi. Dorothy ananihitaji na niko salama.

Mwanaidi


Mesquite
5 Julai 2020

Wifi Mwanaidi,

Shikamoo. Mdogo wako hajambo, amepata kazi ghalani. Anarudi amechoka, anavua viatu nje, anaoga kabla ya kunisalimia kwa kuogopa ugonjwa. Mgongo unamsumbua lakini hasemi. Jirani ana kijibwa kidogo cheusi, na nimemwona Twalibu ameinama anakiuliza habari za tangu asubuhi. Nimemwacha. Aziza hajambo, anakungoja umpigie.

Chumba ni kidogo. Ukifungua mlango wa friji, wa bafu haufunguki. Juu yetu pana watoto wanaokimbia kutwa, na dirisha linatazama maegesho. Siku ya kwanza nilitandika mkeka wangu sakafuni bila kulitafuta boksi, nikaswali, nikabaki nimekaa pale pale mpaka Twalibu akadhani naumwa.

Nilipika maandazi ya watu kumi. Mazoea ya furaha. Nikatoka nimwite jirani, nikakuta wenye majengo wamebandika tangazo kila mlango: kwa sababu ya ugonjwa, wageni hawaruhusiwi. Nilicheka peke yangu kwenye korido, wifi, kisha nikarudi ndani nikalia. Miaka yote ile naomba mlango wa kumkaribishia mtu, nimeupata mwaka ambao watu hawakaribishwi.

Sasa la kwako. Epiphanie amempigia Clara, na Clara amenipigia mimi. Bi. Dorothy alifariki mwanzoni mwa Juni. Pole sana. Najua ulimwosha, ukamvisha, ukaitika kwa jina la dada yake mpaka mwisho. Najua pia watoto wake wamekushukuru kwa maua, na kwamba wanataka kuiuza nyumba, na umepewa mpaka mwisho wa mwezi huu. Jumapili ulipopiga simu ulisema, "Mimi sijambo, bibi amelala." Nilinyamaza kwa sababu spika ilikuwa wazi. Umetuficha tena, na nimekasirika kweli, nimekasirika kama ulivyokuwa ukinikasirikia mimi nikiwa bibi harusi.

Twalibu nimemwambia. Alikwenda kwa Ézéchiel akaazima msumeno, na sasa kuna ubao na pazia vinavyokata chumba katikati. Upande wa dirisha ni wako. Alitaka kukupa upande wa jiko kwa sababu ya joto la wakati wa baridi, wamegombana na Ézéchiel kuhusu hilo, nikaamua mimi.

Usilete godoro, lipo. Leta dawa zako zote na vipimo vya sukari, na vaa barakoa njia nzima, hata wakikucheka ndani ya basi. Njoo kabla ya Idi. Usiandike barua kuniuliza kama una haki, na usianze kunihesabia utakaa muda gani, maana sitajibu.

Lile tangazo nimelisoma lote, neno kwa neno, wasije wakatutoa kwa sababu yangu mara ya pili. Limekataza wageni. Ézéchiel ameshakuandika ofisini, tuko watu watatu wa nyumba hii. Ndani ya bahasha nimekuwekea ufunguo, uchukue usiupoteze. Ukifika, usipige hodi.

Kidawa